Mkia Hafiki Kileleni

Kwanza niseme wazi kwamba mlima ule sikuupenda. Kwa miaka mingi nilikuwa nauita mke mwenza, na sikuwa natania sana. Mwanamume anashinda jioni nzima akipaka mabuti mafuta, anayasugua mpaka yanang'aa kuliko uso wake wa siku ya harusi. Alfajiri anaondoka kwa kunyata asikuamshe. Jioni anarudi amelowa chapachapa, hana maneno, na usoni ana tabasamu dogo ambalo hujui limeletwa na nani. Ungekuwa wewe ungeuitaje?

Mume wangu ni dobi. Duka letu liko kwenye kona, lina mlango wa kioo unaokwama kila mvua ikinyesha, na kengele ndogo juu yake iliyokwisha choka kulia. Mbele kuna kaunta, na nyuma ya kaunta nguo za watu zimening'inia kwa safu kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Nyuma kabisa ndiko kwenye mapipa, mvuke na meza ya kupigia pasi. Yeye anafua na kunyoosha. Mimi nakaa kaunta, napokea, narudisha, na katikati napiga vifungo, zipu na pindo. Ndiyo maana watembeaji wenzake wananiita Mama Vifungo. Yeye wanamwita Mkia.

Jina hilo hakulipewa kwa dharau. Chama chao cha watembeaji hupanda vilima vidogo mwaka mzima, na mara moja kwa mwaka hupanda mlima mkubwa na kushuka siku hiyo hiyo. Safari hiyo si ya kila mtu. Kuna msitu kwanza, halafu jabali wanaloliita Ngazi, ambapo unapanda kwa mikono na magoti. Baada ya hapo unapita Wembe, ukingo mrefu mwembamba wenye bonde kulia na bonde kushoto, na huko ukipiga chafya unaomba radhi. Wembe ukiisha unatua kwenye Bega, uwanda mdogo wa nyasi. Kutoka Bega mpaka kileleni ni mteremko wa kokoto tu, si mbali, ila kokoto zenyewe zinakurudisha nyuma unavyopanda. Asiyetembea vilima na chama mwaka mzima haruhusiwi hata kuomba.

Mbele anatangulia Kapteni, fundi kufuli mwenye duka mkabala na letu, mtu wa sheria mpaka kwenye kunywa chai. Nyuma kabisa anatembea mume wangu, kitambaa chekundu shingoni ili Kapteni akigeuka auone mwisho wa msafara. Kitambaa hicho nilikipinda mimi, kutoka pazia la mteja aliyehama bila kurudi kulichukua. Na sheria ya chama ni moja, hawaivunji: akichoka mtu, au akiumia, au akishikwa na woga, Mkia anashuka naye. Wengine wanaendelea.

Kazi hiyo hakupewa, aliichukua mwenyewe. Siku yake ya kwanza na chama, akiwa bado kijana, buti mpya zilimkata visigino, akabaki nyuma, ukungu ukamfunika. Hakuna aliyejua. Alikaa juu ya jiwe akisikia sauti za wenzake zikipungua, zikapungua, zikaisha. Aliniambia jambo hilo mara moja tu, tukikunja mashuka, yeye ameshika ncha zake na mimi zangu. "Si kuogopa niliogopa," alisema. "Niliona aibu, kama kwamba sikuwahi kuwepo." Walipomkumbuka walikuwa wamekwisha panda basi. Toka siku hiyo akasema nyuma ni kwake, na hapo nyuma amekaa mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Sasa niwaambie habari ya picha.

Kila mwaka Kapteni analeta picha ya kileleni iliyotiwa fremu, tunaitundika dukani juu ya kaunta. Ukuta mzima umejaa. Watembeaji wamejipanga, mashavu yamepasuka kwa baridi, nyuma yao mawingu. Wateja wakiniuliza mume wangu yuko wapi kati ya hawa, jibu langu lilikuwa tayari mdomoni: "Yeye ndiye anayepiga picha." Nilisema hivyo miaka nenda miaka rudi. Nilisema kwa maringo, mjue, maana picha zilikuwa nzuri.

Mwaka juzi, nesi mmoja alikuja kuchukua sare zake wakati Kapteni yuko juu ya stuli anatundika picha mpya. Akauliza swali lile lile, nikajibu lile lile. Kapteni akageuka, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Akaitema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Mama Vifungo, picha napiga mimi. Kamera naiweka juu ya jiwe, naitega, halafu nakimbia kwenda kusimama. Ndiyo maana mimi kila mwaka nimefumba macho."

Nikatazama ukutani. Kweli, kila fremu ilikuwa na Kapteni amefumba macho.

"Na mume wangu?"

Kapteni akaanza kutafuta mahali pa kugonga msumari. Alikuwa anatafuta tu asinitazame.

"Hajawahi kufika, mama. Kila mwaka kuna anayechoka."

Niliingia nyuma nikiwa nimefura. Yeye alikuwa kwenye meza, ananyoosha kola ya shati jeupe, ncha kwanza halafu katikati, kama anavyofanya siku zote. Nikamwuliza kwa nini miaka yote hii hakuniambia. Akaisimamisha pasi wima, akafikiri.

"Hukuwahi kuniuliza kama nimefika," alisema. "Huwa unaniuliza kama nimechoka."

Jamani. Ukiishi na mtu mpole utapata tabu sana. Mtu mkali unagombana naye yanaisha, lakini mpole anakujibu neno moja unabaki nalo wiki nzima. Nikamwambia basi nauliza leo, unataka kufika au hutaki? Akasema si lazima, mtu akichoka amechoka. Nikadhani yameisha. Lakini nikaanza kumchunguza, na nikaona nilichokuwa sikioni. Dirisha la chumba cha nyuma linatazama mlima. Asubuhi zisizo na wingu kilele kinaonekana, na asubuhi hizo mume wangu huwa anasimama na pasi hewani, hayuko dukani tena. Siku moja aliunguza suruali ya mtu, jambo ambalo halijatokea tangu tufungue duka.

"Unatazama nini?" nikamwuliza, huku nafungua mlango harufu itoke.

"Huwa najiuliza kuna nini upande wa pili," alisema. "Sisi tunaona huku tu. Wanasema ukifika juu unaona kule."

Muda mfupi baadaye goti lake la kulia likaanza kukwama kwenye ngazi za nyumbani. Daktari wa mifupa akamwambia limeisha kama soli, lazima lipasuliwe, na baada ya hapo vilima vidogo ataenda ila mlima mkubwa asahau. Mume wangu akaomba jambo moja tu: wasubiri mpaka safari ya mwaka huo ipite. Daktari akakubali shingo upande.

Basi nikakata shauri mambo mawili. La kwanza, nitakwenda naye. Nilitembea vilima na chama mwaka mzima, mvua na jua, nikilalamika kila hatua, na Kapteni akasema hajawahi kuona mtu anayepanda vizuri huku amenuna namna ile. La pili, nilikula njama. Jioni moja mume wangu akiwa kwenye mapipa, niliwaita wote dukani, tukasimama tumebanana kati ya nguo za watu, nikawaambia kwa sauti ya chini kwamba mwaka huu hachoki mtu. Anayejijua mgonjwa abaki nyumbani. Anayeondoka nyumbani afike kileleni hata kwa kutambaa. Tukaweka mikono juu ya kaunta, mmoja juu ya mwingine, tukaapa. Aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote ni Swala, mwalimu wa michezo, msichana wa miguu mirefu ambaye Kapteni mwenyewe humwomba apunguze mwendo. Kuhusu Swala sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Siku ikafika. Basi dogo lilituacha ukingoni mwa msitu kabla jua halijachomoza. Msitu ulikuwa unadondosha maji ingawa mvua haikunyesha. Tuliingia mmoja mmoja, na ndani ya muda mfupi nikahisi kama nimeacha mwili wangu kwenye basi. Miguu inakwenda yenyewe. Mbele yangu alikuwa Swala, jambo lililonishangaza, maana kawaida yeye yuko mbele na Kapteni. "Leo nataka kutembea na wakubwa," alisema, na mimi nikacheka. Nyuma yangu alikuwa mume wangu. Nilikuwa nasikia pumzi yake na ile buti ya kulia inayovutwa kidogo. Miaka yote ile niliilaumu safari hii, na sasa nikawaza kwamba ingenitosha kutembea hivi tu, mbele yake, nikisikia buti ile, wala tusifike popote.

Ngazi nilipanda kwa magoti na viwiko, sioni haya. Tulipotokea juu yake, wingu likatushukia.

Watu wanaogopa wingu mlimani. Mimi nililizoea tangu zamani, maana chumba chetu cha nyuma siku ya mashuka kiko hivyo hivyo: weupe, joto, huoni meza mpaka uiguse. Tofauti ni kwamba huku weupe ulikuwa baridi na ulikuwa unatembea. Wembe tuliupita tukiwa ndani yake. Kulia hakuna kitu, kushoto hakuna kitu, chini kuna mstari wa mawe upana wa meza ya kupigia pasi. Swala aligeuka kuwa kivuli. Waliokuwa mbele yake walikuwa kikohozi, kokoto, kengele ya kikombe kilichogonga begi la mtu. Muda ulipotea. Niliwaza mama yangu akipepea jivu kwenye jiko, niliwaza sauti ya mtoto wetu wa kwanza akijifunza kusema maji, niliwaza nguo zote tulizowahi kufua zikitembea kwenye wingu bila watu ndani yake, zimenyooshwa vizuri, kola zimesimama. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nahesabu hatua na wakati huo huo niko mbali sana, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na ruhusa nayo, maana bado nilikuwa nimekasirika na mlima.

Tukatua Bega. Kapteni akatangaza mapumziko, chupa za chai zikafunguliwa. Kilele kilikuwa hapo juu yetu, hakionekani, lakini kila mtu alikuwa ameinua kidevu kidogo kuelekea kilipo. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa bado hajaketi. Alikwenda kwa Swala, akachuchumaa mbele yake kwa tabu ya lile goti, akatazama buti zake.

"Swala, mwanangu," alisema. "Tangu kwenye Ngazi unakanyaga kwa kisigino. Wewe hukanyagi kwa kisigino."

"Nimebadilisha soli tu, mzee," alisema Swala, akacheka.

Kicheko kikageuka kikohozi. Si kikohozi cha baridi, ni kile kinachotoka chini kabisa na hakitaki kuisha. Kilipomwachia, midomo yake haikuwa rangi yake. Kapteni alishika kikombe akatazama ndani yake kama kuna kitu kimeanguka humo.

Nilikasirika, siwezi kudanganya. Nilimkasirikia Swala, nikakasirikia kifua chake, wingu, kokoto, na yule daktari ambaye hayupo. Hatua hizi tu zilizobaki. Mtu mmoja akapendekeza Swala afunikwe makoti angoje hapo Bega, na mume wangu akatikisa kichwa. Baridi ya pale ingemmaliza, kifua kama kile kinataka kushuka chini, tena sasa. Akavaa begi lake.

"Haya, sisi tunashuka," alisema. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mteja shati lako tayari. Hakutazama juu hata mara moja, na hapo ndipo nilipojua anavyokitaka kile kilele.

"Wewe kaa hapo hapo," nikamwambia.

Nikamfuata, nikaanza kufungua fundo la kitambaa shingoni mwake. Lilikuwa limelowa, limekaza. Akanishika mkono.

"Mama, usifanye hivyo. Hii kazi yangu."

"Na kitambaa ni cha kwangu. Nimekipinda mimi, nakitaka."

"Umehangaika mwaka mzima ufike juu."

"Nimehangaika mwaka mzima ufike wewe. Mimi juu nina shida gani na huko? Huyo ni mke wako wa pili, siyo wangu."

Wengine wakacheka kwa kuibia. Mume wangu akamgeukia Kapteni, akitumaini sheria itamwokoa. Kapteni alinywa chai yake taratibu mpaka ikaisha. Huyu mtu aliwahi kumrudisha mpwa wake nyumbani kwa kusahau kofia.

"Sheria inasema mwenye kitambaa anashuka na mgonjwa," alisema. "Naona kitambaa kiko kwa Mama Vifungo."

Basi mume wangu akasimama pale, shingo wazi, kama mtu aliyetoka nje bila shati. Sijapata kumwona hivyo. Akaniambia nisirudi kwa Wembe, nishuke kwa bonde la nyasi, njia ndefu ila haina hatari, ndiyo aliyokuwa akishukia na watu wote. "Utakuta marundo ya mawe. Nimeyapanga mimi. Kila rundo jiwe la juu lina ncha. Fuata ncha." Halafu akanifunga kitambaa mwenyewe, fundo la dobi lisilofunguka. Nikamshika Swala mkono, tukaanza kushuka. Nilisikia kokoto zikianza kulia nyuma yetu, wanapanda. Sikugeuka, maana ningegeuka ningelia, na mimi kulia mbele ya Kapteni siwezi.

Rundo la kwanza lilitokea kwenye wingu, kimo chake kinanifika magotini. Mawe makubwa chini, madogo juu, na juu kabisa jiwe moja lenye ncha. Tukafuata ncha. Likatokea la pili. Yale ya mwanzo yalikuwa meusi, yameota majani ya kijani kwenye nyufa, ni ya miaka ya ujana wake. Kila tulipolifikia moja niliona mikono yake ikilipanga, wakati mimi niko kaunta namlaani. Hakuna aliyemwagiza. Kila mwaka ameshuka na mtu anayelia au anayechechemea, na bado akapata nafasi ya kuinua jiwe.

Mahali bonde lilipotulia tulikuta mawe mawili bapa yanatazamana, yamelainika kwa kukaliwa. Swala akakaa moja, mimi nikakaa jingine. Nilijua nimekaa mahali pake. Nikammiminia chai, nikasubiri. Sikuuliza kitu, na mimi si mtu wa kutouliza. Nadhani ni lile jiwe.

Swala akaanza kusema mwenyewe. Wakati wa mvua aliugua homa ya mapafu, akalazwa, na kwenye chama alisema amekwenda kumtembelea dada yake. Hakutaka wamwone kitandani. Watu wakikuita Swala, alisema, utamwambiaje mtu huwezi kupanda ngazi za hospitali? Usiku wodini alisikia mgonjwa wa jirani akipumua, halafu asimsikie tena. Hakumwambia mtu yeyote, hata dada yake. Alipotoka alikuwa anaogopa hewa yenyewe.

"Sasa kwa nini ulikuja leo, mdogo wangu?"

"Niliapa," alisema. "Kwenye kaunta yako. Ningebaki nyumbani mngeuliza kwa nini. Na nilikuwa nataka afike."

Ile njama yangu niliyoona ni ya akili sana ndiyo iliyomfunga mdomo huyu binti. Nikasema samahani, kwa sauti ndogo, na wingu likaimeza, nikalazimika kuisema tena. Akaegemea bega langu akalia kwa muda, bila kelele, halafu akajipangusa akasema sasa amepata nafuu, kifua kimefunguka kidogo. Na usoni akaweka tabasamu ambalo nililijua. Nimelifungulia mlango kila mwaka, jioni, likiwa juu ya uso wa mume wangu. Kumbe halikuletwa na mlima. Watu huwa wanamwambia mambo yao wakiwa wamekaa hapa, mambo ambayo juu hayasemeki, naye anayabeba anashuka nayo, na nyumbani haongei kwa sababu si yake.

Tulipokuwa tunainuka wingu likafunguka. Si lote. Lilipasuka juu, kama mtu amevuta pazia kwa mkono mmoja, na kilele kikawa pale, cheusi, karibu kuliko nilivyodhani, na mwanga umekimwagikia. Sikuona mtu. Macho yangu ni ya kutunga uzi kwenye sindano, ya mbali sina. Lakini nikafungua fundo la dobi lisilofunguka, nikalifungua kwa kucha, nikainua kitambaa chekundu nikapunga. Nilipunga kama mwendawazimu. Swala alikuwa mbele amekwisha anza kushuka, hakuniona, nami nikashukuru. Halafu pazia likarudi, nikajifunga tena kitambaa, nikamfuata.

Chini tulimfunika Swala mablanketi kwenye basi, dereva akawasha injini ili kupate joto. Yeye akalala. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya basi nikisubiri. Jioni watu wakaanza kutoka msituni, mmoja mmoja, wamelowa, wakinipa mikono bila kusema mengi. Kapteni alitoka wa kwanza. Mume wangu alitoka wa mwisho, bila kitambaa lakini wa mwisho vile vile, anachechemea vibaya. Akaja akaketi kando yangu kwenye ngazi. Nikajua swali langu safari hii.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Enhe. Kuna nini upande wa pili?"

Akanyoosha lile goti, taratibu, kwa mikono miwili.

"Sijui."

Nikamtolea macho. Nikamwambia hivi unanitania, mtu umengoja umri mzima, umepanda mpaka juu, unaniambia hujui? Akasema juu kulikuwa kumefungwa kote, hawaoni hata mabuti yao. Wingu lilifunguka mara moja tu, muda wa Kapteni kutega kamera akimbie, likafungwa mpaka wanashuka.

"Sasa lilipofunguka si ungetazama?"

"Nilitazama huku," alisema. Halafu akaniuliza, "Ulikuwa unampungia nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nilipunga.

Goti alipasuliwa baada ya hapo. Sasa anapiga pasi ameketi kwenye stuli ndefu, na kitambaa anacho Swala, kifua kimepona, amekiomba mwenyewe. Mlima mume wangu hajaukanyaga tena wala hataukanyaga. Picha ya mwaka ule iko ukutani, katikati, nyingine nilizihamisha. Watembeaji wamejipanga wanatazama kamera, mashavu yamepasuka, Kapteni amefumba macho. Pembeni kabisa kuna mtu mmoja ameipa kamera mgongo. Utaona kisogo cheupe, masikio, na shingo isiyo na kitambaa, amejiinamisha kidogo anatazama bondeni.

Wateja wakiuliza mume wangu ni yupi nawaonyesha huyo. Wengine wanasikitika, wanasema maskini, siku aliyofika hata sura haikutokea. Wakiuliza alikuwa anatazama nini huko chini, nawaambia alikuwa ananitazama mimi.